Jino Alilolifukia Shangazi Yako

Mwanangu Pelagia,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa saa tisa kwenda kuwaaga wenzako, shavu umelifunga kitambaa cha kijani, na umenuna. Kununa umerithi kwangu, kwa hiyo sikulaumu. Nimekaa mlangoni penye mwanga, karatasi nimeiweka juu ya sanduku lako la bati, na nadhani utarudi unikute bado naandika, maana mkono huu umezoea jembe kuliko kalamu.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kutunza tiketi ya basi, wala za vijana wa Mbeya. Hayo umeshaambiwa na wanawake wote wa kijiji hiki, wengine wamekwambia mara mbili. Chuo cha ualimu nacho kina walimu wake, watakufundisha. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka minne, na tangu jana limekataa kukaliwa.

Jana ulinifuata bondeni, kwenye kinyungu chetu, bustani yetu ya kiangazi, nilipokuwa namwagilia mboga. Ukasimama juu ya tuta ukaniambia, "Baba, nitoe hili jino leo, kesho kutwa nisafiri na amani." Nikakujibu kwamba sitoi. Ukauliza kwa nini, nikasema mkono wangu siku hizi unatetemeka. Ukautazama mkono wenyewe, nao ulikuwa umeshika debe limejaa maji pomoni na hakuna tone lililomwagika. Hukucheka. Ulisema polepole, "Watu wote uliwatoa. Mimi unanikatalia kwa sababu naondoka. Haya, Mbeya sokoni wapo wanaotoa. Nitatolea huko."

Ukapanda kilima ukaenda zako. Mimi nilibaki na debe langu. Nilitaka kukuita nikashindwa, kwa sababu ili nikwambie kwa nini sing'oi jino hili, ilinibidi nianze na lile la kwanza, na lile la kwanza nimelificha kwa watu wote, hata kwako uliyekuwa nalo kinywani.

Pelagia, usimpe mtu jino hilo. Si fundi wa sokoni, si rafiki yako mwenye uzi na mlango, si mimi. Moyo wako hauko kama wa wenzako, na jino likitolewa ovyo linaweza kukuua. Ukichoka kusoma hapa, basi kilicho kikubwa umeshakipata. Lakini naomba usichoke.

Nilipokuwa kijana nilikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Niliwaaga watu hapa kwamba nitarudi na ng'ombe. Nilirudi na koleo la kung'olea meno, na mazoea ya kunywa chai yenye sukari nyingi. Kule tulikunywa chai asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu chakula kilikuwa kibaya na sukari ndiyo iliyotufanya tusione hivyo. Meno yakaoza. Katika banda letu alilala Mnyakyusa mmoja, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye kila Jumapili alikuwa akiwang'oa wachimbaji meno. Alinifundisha kazi: kwanza tikisa, halafu vuta, na wakati wote ongea, mtu asipate nafasi ya kuogopa. Hilo la kuongea nililiweza kumshinda mwalimu.

Huku nyumbani nikawa fundi. Walinijia watu wa Kalenga na wa ng'ambo ya Ruaha Mdogo. Unajua sisi Wahehe tulivyo, mtu mzima halii kwa ajili ya jino. Walikaa kwenye gogo lile la mlangoni, wakanyamaza kimya huku machozi yanawatiririka, wakasukutua kwa maji ya chumvi, na wengine kwa pombe ya ulanzi, ingawa hao nadhani walikuwa wanautafutia ulanzi sababu. Kisha waliniachia kuku au mahindi wakaenda zao. Nilikuwa maskini kama jirani zangu wote, lakini nilikuwa naitwa fundi, na jina lile nililipenda kuliko kuku. Meno yangu mwenyewe yalikuwa yanaisha moja moja na sikuwa na wa kunitazama. Mganga hajigangi.

Mama yako alipofariki pamoja na mtoto aliyekuwa anamzaa, wewe ulikuwa na miaka mitano. Ulilia siku nyingi. Mimi sikujua kumbembeleza mtoto, nilijua kubembeleza wachimbaji tu, na dawa yao ilikuwa sukari. Nikakutilia sukari kwenye chai, nikakutilia kwenye uji, na ukilia sana nilimwaga kiganjani mwangu ulambe. Ulinyamaza, na mimi nikajiona baba. Wakati huo dada yangu Monika, shangazi yako, alikuwa amefiwa na mumewe na hakujaliwa mtoto, akaja kukaa nasi akulee. Yeye aliliona. Akaniambia, "Kaka, unamwozesha mtoto." Nikamjibu kwamba meno yakioza fundi si yupo, na nikacheka kwa mzaha wangu. Wahenga walishasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na nilikuwa nimelisikia tangu utoto, lakini nilidhani linasemwa kwa watu wengine.

Ulipofika miaka tisa koo lilikuuma, likapona. Wiki mbili tatu baadaye magoti yakavimba. Yalipopungua ukavimba vifundo vya miguu, vilipopungua vikaja viwiko. Nikasema ni baridi ya bondeni. Shangazi alikukanda kwa maji ya moto kila jioni, akakulisha kwa mkono wake kwa sababu kijiko kilikushinda kushika, na baada ya mwezi ulikuwa unakimbia na mbuzi. Tukasahau. Hatukujua kwamba ugonjwa ule ulipita magotini ukiwa njiani kwenda moyoni. Hilo sijilaumu sana, kwa sababu hakuna aliyetuambia.

Lakini mwaka ule fuvu la Mtwa, mtawala wetu wa zamani, lilipoletwa Kalenga, hapo ndipo ninapoanza kujilaumu. Unakumbuka ule umati. Siku chache baadaye palikuwa na baraza, na yule mganga wa zahanati akasimama akasema kuna mtu mmoja ameng'olewa jino kwa koleo, taya limeoza, nusura afe. Akasema atakayeonekana tena anang'oa meno nyumbani atapelekwa kwa jumbe. Watu hawakutaja jina langu. Waligeuza shingo tu. Nilikuwa mzee wa kanisa, mwanangu, nilikuwa nakaa benchi la mbele. Nikainuka nikaahidi mbele ya wote kwamba kazi ile nimeiacha tangu siku hiyo. Wakanipigia makofi.

Haikupita miezi miwili, gego lako la chini upande wa kushoto likaanza. Lilikuwa limetoboka, na ufizi umevimba unatoa usaha. Hukulala siku nne. Shangazi akasema twende hospitali Iringa. Ungekuwa mwendo wa asubuhi moja. Nikasema ni jino tu, hospitali ni ya wagonjwa. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikakukalisha juu ya kinu kilicholazwa, nikatoa koleo chini ya kitanda. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na ulinishika magoti kwa mikono miwili, ukaninyamazia. Lilikatika kidogo, nikarudia. Nilikusifu kwamba wewe ni Mhehe kweli. Hata leo nikikumbuka sifa ile naona haya.

Kisha nikalifunga jino kwenye jani, nikampa shangazi yako, nikamwambia alifukie nyuma ya nyumba, alifukie sana. Niliogopa utakwenda kuwaonyesha wenzako, maneno yafike zahanati. Akachukua jembe akaenda. Jirani mmoja alikuwa anapita na mzigo wake wa kuni, akamwona anachimba, anatia kitu, anakanyagia udongo, anatazama huku na huku. Alitazama huku na huku kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asionekane.

Baada ya wiki mbili ukaanza homa. Kila jioni ulichemka, alfajiri ukaloa jasho. Nikakupa kwinini, na homa ikapungua ikarudi, kwa sababu haikuwa malaria. Ukaacha kula. Ukakonda mpaka shingo ikawa kama ya kifaranga. Siku moja ulitoka mtoni na kibuyu cha maji nikakuona umekaa chini njiani mara mbili, unahema. Shangazi aliniambia mpeleke. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Nilijua kwamba hospitali watakufungua kinywa, na pengo lile lingenitaja jina.

Huku nyuma kijiji kinasema. Mtoto anakauka ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kuna mjane asiye na mtoto, na mjane huyo ameonekana akifukia kitu. Wakaja wazee watatu. Walibisha hodi kwa heshima, tukasalimiana kamwene, wakapewa viti, wakaulizia mvua. Halafu mkubwa wao akageuka akasema, "Monika, nyuma ya nyumba ulifukia nini?"

Nilikuwa nimekaa pale, mwanangu. Hatua mbili kutoka kwake. Shangazi yako alinitazama mara moja, wala hakunitazama kwa muda mrefu. Mimi nikatazama chini. Palikuwa na sisimizi wanavuta punje ya mahindi, na niliwatazama kama vile nimeitwa kuwahesabu.

Akawajibu wazee, "Nimefukia kitu changu."

Angesema ni jino, ningeitwa kwa jumbe, na benchi la mbele kanisani lingepata mtu mwingine. Alijua. Wakamwambia ni heri aondoke kabla vijana hawajapandwa na hasira. Aliingia ndani akafunga vitu vyake kwenye kanga moja, akaja kitandani kwako akakufuta uso, na wewe hukumtambua kwa ajili ya homa. Mlangoni akasimama karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mpeleke hospitali, Kaka. Hayo mengine nitabeba mimi."

Akashika njia ya Usangu, ambako marehemu mumewe alikuwa na ndugu. Sikumsindikiza hata mpaka mtoni.

Kesho yake nikakupeleka, wanaume wanne wakakubeba kwa machela hadi barabarani, tukapata lori. Daktari Mzungu alikutazama chini ya kucha, kulikokuwa na vidoa vyekundu, akasikiliza kifua chako kwa muda mrefu huku amefumba macho, akakufungua kinywa. Alikuwa na msaidizi wake, mtu wa Rungwe, aliyekuwa anatafsiri. Msaidizi akaniuliza, "Mzee, huyu mtoto alitolewa jino hapa karibuni?"

Nikasema, "Liling'oka lenyewe."

Msaidizi akanitazama, akatafsiri nilivyosema. Basi wakaendelea kutafuta homa nyingine, na siku tano zikapotea, nawe unazidi kuishia kwenye shuka. Siku ya sita yule msaidizi alinikuta nje nimeegemea ukuta. Akaniambia, "Mzee, gego bovu haliruki lenyewe kama panzi. Nimeshamwambia daktari ninavyofikiri mimi. Wewe ukitaka kusema, sema. Usipotaka, mtoto tutamtibu hivyo hivyo." Hakungoja jibu, na mimi sikumpa. Siku hiyo hiyo wakaanza kukuchoma sindano za penisilini, usiku na mchana, mpaka mapaja yako hayakuwa na pa kuchomwa. Wiki sita, Pelagia. Nililala chini ya kitanda chako wiki sita, na kila muuguzi alipokuja na sindano nilitamani achome mimi.

Yule mtu wa Rungwe ndiye aliyenieleza ugonjwa wako, na alinieleza kama vile hajui kwamba ni mimi. Alisema moyo una milango midogo, inafunguka na kujifunga kila unapopiga, damu isirudi nyuma. Ile homa ya magoti ya utotoni iliichuna milango ya moyo wako, ikaacha makovu. Kinywa chenye jino bovu na fizi zinazotoka damu kimejaa vijidudu, wadogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Jino likivutwa, wanaingia kwenye damu. Mtu mwenye moyo mzima, mara nyingi damu yake inawamaliza na yeye hajui kama walipita. Mwenye milango yenye makovu, wanakwama pale, kama majani yanavyokwama kwenye kisiki ndani ya mfereji, na wakikwama wanazaliana na kuila milango yenyewe.

Nilimwambia kwamba mimi nilidhani meno ni kitu cha pembeni, mtu anayatumia yakiisha ameishi. Akasema watu wengi wanadhani hivyo, hata waliosoma, lakini damu inayopita kwenye ufizi ndiyo hiyo hiyo inayopita moyoni, mtu hana damu mbili. Akanipa maagizo. Kinywa chako kiwe safi kila siku ya maisha yako, kwa sababu hata bila kung'olewa, fizi mbovu zinaweza kuwapitisha wale wadudu. Na siku yoyote utakapohitaji kutolewa jino, utolewe na daktari, na kabla hajagusa umwambie kwamba moyo wako una kovu na ulishaugua hivi, ili uchomwe penisilini kwanza. Nikamwuliza kama sindano hiyo mapema ingekuokoa na yote haya. Akasema huenda. Neno hilo "huenda" nimekuwa nalo miaka minne, na bado sijajua niliweke wapi.

Ulipopata nguvu, mtu wa kwanza uliyemwulizia alikuwa shangazi. Nikakwambia amekwenda Usangu kulima mpunga. Tuliporudi nyumbani watoto wenzako wakakumalizia yaliyobaki. Ukaja ukasimama mbele yangu, mwembamba kama ufito, ukaniuliza, "Ni kweli shangazi aliniloga?"

Nikakujibu, "Tuyaache hayo."

Nimefanya makosa mengi. Jino nililing'oa kwa ujinga, na mjinga anaweza kusamehewa. Hospitali nilisema uongo kwa woga. Lakini siku ile ulikuwa umepona, hakuna jumbe, hakuna mzee wa kanisa, tulikuwa wewe na mimi na jiko, na bado nilikuacha uamini kwamba mwanamke aliyekulisha kwa mkono wake alitaka kukuua. Hilo ndilo baya kuliko yote. Kila mwaka baada ya mavuno analeta mfuko wa mchele kutoka Ubaruku, huko Usangu anakokaa, kwa mkono wa mtu yeyote anayepanda huku, na kila mwaka unakataa kuutia mdomoni. Mimi nimeula. Nimekula mchele wa dada yangu niliyemfukuza, na ulikuwa mtamu.

Sasa labda utanielewa kidogo. Ulidhani nimekuwa mkali wa ghafla, baba aliyekuwa anagawa sukari kiganjani sasa anaficha kopo la sukari, anasimama nyuma yako asubuhi na jioni mpaka umalize kupiga mswaki, anakufunua mdomo kama mnunuzi wa ng'ombe. Najua uliniita Bwana Mswaki kwa wenzako. Nilisikia nikiwa nyuma ya banda la kuku. Sikukasirika hata kidogo. Jina hilo ni zuri kuliko lile la fundi, na nililifanyia kazi zaidi. Na pamoja na ukali wangu wote, gego hili la kulia limenishinda, lilikuwa limeanza kuoza tangu enzi za sukari.

Ile ya mkono kutetemeka niliitunga nilipoacha kung'oa watu. Koleo nililitupa Ruaha Mdogo, penye kina, wiki ile tuliyotoka hospitali. Watu walipoendelea kuja niliwaambia mkono umeharibika. Unaona jinsi uongo ulivyo na njaa, nikaulisha hata mkono wangu.

Na lingine. Habari ya moyo wako sikukwambia yote. Nilikukataza kukimbia, nikakukataza mizigo mizito, nikasema ni kwa sababu uliugua sana. Shuleni sikusema neno. Niliogopa hawatakupeleka mbele, na niliogopa siku moja watakuja watu kukuposa, wasikie, wageuze. Nilijidanganya kwamba nakulinda. Nilikuwa nimeshazoea kuficha, na mtu akizoea haangalii tena anaficha nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, Pelagia, na kifo ambacho kingekuja kuniumbua mimi kingekuwa chako. Kule chuoni waambie mapema. Siku ukiolewa, mumeo ajue, na kabla ya kuzaa daktari ajue. Atakayekukimbia kwa kusikia ukweli, mwache akimbie, ana miguu.

Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini hasa. Jumbe angenitoza faini, au angenifungia siku chache nikalima shamba lake. Hilo ningeliweza, nililima kwa wengine Makongolosi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa. Niliogopa wale walionipigia makofi. Kwa ajili ya watu ishirini wa barazani niliwaweka wewe na Monika kwenye mizani, na nyinyi mkawa wepesi. Sikuandikii hili ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu na wewe utakuwa mwalimu, utakaa mbele ya watu, na makofi ni matamu kama sukari. Zaidi ya hapo sina fundisho. Laiti ningekuwa nalo ningekupa.

Leo asubuhi, ulipodhani nimekwenda shambani, nilikwenda kwa mwalimu wako. Nimemwomba aandike barua kwa wakuu wa chuo kwamba huenda ukachelewa kwa siku kadhaa kwa ajili ya matibabu. Ameiandika bila kuniuliza mengi, ipo ndani ya Biblia yako. Kesho tukifika Iringa hatutakwenda kwenye basi. Tutakwenda hospitali kwanza. Wakikuchoma sindano, wakakutoa jino, wakaridhika na wewe, basi utapanda basi lijalo, au la baada ya hilo. Mbeya haihami. Najua sikukuuliza. Ukikasirika, ukasirikie na hili kwa pamoja, tumalize.

Jumapili baada ya sala nitasimama kanisani nitaomba nafasi, nitawaambia watu ni nini kilichofukiwa nyuma ya nyumba yangu, na nani alimtuma aliyefukia. Nimeshamweleza katekista. Aliniuliza kama nimefikiri vizuri, nikamwambia nimefikiri miaka minne. Kisha nitakwenda Ubaruku. Shangazi yako akikubali kurudi, chumba chako kitakuwa kitupu na ni chake. Asipokubali, nitamwuliza kama kuna mpunga wa kupalilia. Kama utapenda kumwona, basi la Mbeya linapita njia ya huko. Sikutumi na wala sikuombei radhi kwake, radhi yake nitaiomba mwenyewe kwa mdomo wangu. Wewe mwenzangu una deni la machozi tu, na hilo halina haraka.

Kama hutaweza kunisamehe kabla ya safari, ondoka hivyo hivyo, nitaelewa. Nakupenda tangu ulipokuwa unalamba sukari kiganjani mwangu, na nakupenda ukiwa umenuna. Naona wenzako wanakusindikiza, mmefika kwenye mti wa njia panda, na mkono wako uko shavuni. Nimalize.

Kesho tutamkuta daktari mwingine, yule wa zamani alishahamishwa. Huyu mpya hakujui. Atakufungua kinywa, ataona jino hili la kulia, na akipeleka macho kushoto ataona lile pengo. Atauliza lile lingine lilitokaje. Wewe unyamaze, mwanangu. Safari hii nitajibu mimi.

Baba yako